Makumbusho ya Karibi: historia ya watu walionyimwa haki ya kumiliki kitu

Tangu kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kitue Port-au-Prince mwezi Juni 2024, Haiti imeingia midomoni mwa watu ambao zamani hawakuwa na sababu ya kuitaja. Barazani, ndani ya matatu na kwenye makundi ya WhatsApp mambo yanachanganywa: kwamba Haiti iko Afrika Magharibi, kwamba Karibi ni nchi moja, na nchi yenyewe ni Jamaika, kwamba weusi wa huko walihamia kutoka Marekani, kwamba huko hakuna historia ya kutazama, ni fukwe na reggae tu. Wapo hata wanaodhani jina Karibi limetokana na "karibu" yetu.

Mkanganyiko wa namna hii hauishi kwa kukariri ramani. Huisha mtu anapooneshwa kitu, akaambiwa kilikuwa cha nani na kimefikaje hapo. Kwa hiyo nitapita mlango wa makumbusho. Visiwa vya Karibi vina makumbusho mengi yanayostahili safari, lakini mgeni asiyejua yamejengwa juu ya tatizo gani atatoka akiuliza mbona vitu vya mababu weusi ni vichache hivyo. Uchache huo una sababu, na ukiielewa sababu hiyo umeielewa Karibi kwa sehemu kubwa.

Tuanze na majina

Karibi ni bahari iliyo kati ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini, pamoja na visiwa vinavyoizunguka. Ukihesabu hadi vijisiwa visivyo na watu, ni zaidi ya 700. Nchi huru za visiwani ni 13, zikiwemo Haiti, Kuba, Jamaika, Barbados, Bahamas, na Trinidad na Tobago. Visiwa vingine mpaka leo viko chini ya mataifa makubwa: Guadeloupe na Martinique ni mikoa ya Ufaransa, mkate unanunuliwa kwa euro, Curaçao imo katika Ufalme wa Uholanzi, Puerto Rico iko chini ya Marekani. Na usichanganye Dominica na Jamhuri ya Dominika. Ya kwanza ni kisiwa kidogo cha milima ambako lugha rasmi ni Kiingereza. Ya pili ni nchi ya Kihispania inayogawana kisiwa kimoja na Haiti.

Jina lenyewe halihusiani na "karibu". Wahispania waliwaita wenyeji wa visiwa vya mashariki Carib, wakawasingizia kwamba wanakula watu, na neno la Kizungu la "mla watu" likazaliwa kutokana na jina hilohilo. Wenyewe hujiita Kalinago. Mwaka 2015 Dominica ilirekebisha sheria ili watu hao na ardhi yao waitwe kwa jina lao.

Neno la pili ni makumbusho. Sisi tumebahatika kuwa na neno linalotaja kazi yenyewe: kumkumbusha mtu. Halidai jengo wala kabati la kioo. Huko Karibi kazi hiyo inafanywa na gereza la zamani, na nyumba ya mwanamuziki, na makaburi yasiyo na majina, na hata kijiji ambacho watu wake wanaendelea kupika na kulima kama kawaida.

Nani aliishi pale, na nani aliletwa

Columbus alipofika mwaka 1492 visiwa vile vilikuwa na wenyewe: Wataino katika visiwa vikubwa kama Kuba, Jamaika na Haiti, na Wakalinago katika visiwa vidogo vya mashariki. Walilima muhogo, wakaukuna, wakaukamua maji yenye sumu na kuoka mkate bapa. Muhogo wetu ulivuka bahari kutoka upande ule wa dunia. Hata maneno "papai" na "tumbaku", tuliyoyapata kupitia Wareno, wanaisimu wengi huyafuatilia hadi kwenye lugha za wenyeji hao. Kwa hiyo mama anayeuza papai Kariakoo anatamka neno la watu ambao wengi wetu tumefundishwa kwamba walikwisha.

Magonjwa ya Ulaya, kazi za shuruti na vita viliwamaliza Wataino kwa kasi ya kutisha. Kisha ikaja sukari. Kuanzia miaka ya 1640 Barbados iligeuzwa shamba moja kubwa la miwa, na visiwa vingine vikafuata. Sukari ya wakati ule ilikuwa kama mafuta ya petroli ya leo: mataifa yalipigana kwa ajili yake, na aliyekuwa na kisiwa chenye miwa alihesabiwa tajiri. Kazi ya kukata na kusaga miwa ilifanywa na Waafrika waliotiwa utumwani.

Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini kuvushwa Atlantiki, na karibu milioni 2 kati yao walifia njiani. Kwa kuwa tunatazama zaidi filamu za Marekani, tunaamini wengi walipelekwa huko. Sivyo. Nchi ambayo leo ni Marekani ilipokea kutoka Afrika moja kwa moja watu wasiofika 400,000. Karibi ilipokea zaidi ya milioni 4. Na ingawa walio wengi walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, upande wetu haukusalimika: meli kutoka Msumbiji zilifika Haiti mwishoni mwa karne ya 18, na Kuba katika karne ya 19. Nchini Kuba kundi mojawapo liliitwa Macuá. Hao ni Wamakua, damu moja na Wamakua wa Masasi na Nampula. Katika mji mkongwe wa Havana ipo nyumba ya makumbusho iitwayo Casa de África, iliyofunguliwa mwaka 1986, na mtu wa Mtwara akiingia humo ana haki ya kuwaulizia watu wake.

Utumwa haukukoma siku moja, na hapa ndipo wageni wengi hupotea wakisoma maandishi ya ukutani. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe ukaendelea hadi 1834, tena kwa kipindi cha "uanagenzi" wa lazima kilichokwisha 1838. Msomaji wa Zanzibar atanielewa haraka: soko la Mkunazini lilifungwa 1873, ila hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria 1897. Kufunga soko ni jambo moja na kumwacha mtu huru ni jambo jingine. Ufaransa ilifuta utumwa katika visiwa vyake mwaka 1848, Uholanzi 1863, na Kuba iliyokuwa chini ya Hispania ikangoja hadi 1886. Uingereza ililipa fidia ya pauni milioni 20, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na fedha hizo zote zilikwenda kwa waliomiliki watumwa. Waliotumikishwa hawakupata hata senti. Deni lililotokana na malipo hayo lilimalizika kulipwa mwaka 2015.

Kwa nini kabati ni tupu

Fikiria unataka kuandika historia ya ukoo wako, na maandishi pekee yaliyobaki ni daftari la mwenye duka aliyekuwa akiwakopesha. Utajua babu alichukua kilo ngapi za unga na alidaiwa shilingi ngapi. Hutajua alicheka vipi, aliomba dua gani, wala alimpa mtoto wake jina gani faraghani. Tena daftari limeandikwa na mtu aliyemwona babu yako kama hesabu tu.

Hilo ndilo tatizo la makumbusho ya Karibi. Kisheria mtumwa hakuwa na mali. Yeye mwenyewe aliandikwa katika orodha ya mali, pamoja na ng'ombe na vinu. Vyombo vya fedha, picha za kuchora, vitanda vya miti ya thamani, vyote vilivyodumu vilikuwa vya bwana. Kwa miaka mingi makumbusho yaliweka vilivyopatikana, na mgeni akatoka akiwa ameona historia ya nyumba kubwa tu. Makumbusho mazuri ya leo ni yale yaliyotafuta njia nyingine ya kuwafikia walioishi vibandani.

Barbados ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Barbados Museum, iliyoanzishwa mwaka 1933, imo ndani ya lililokuwa gereza la jeshi la Waingereza, eneo la Garrison karibu na Bridgetown. Mtu wa Mombasa hatashangaa, maana Fort Jesus nayo ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Ukiwa Karibi, uliza kwanza jengo lilikuwa la nini. Mara nyingi jengo lenyewe ndilo ushahidi wa kwanza.

Lakini kitovu cha habari hii kiko kusini mwa kisiwa, penye shamba la zamani la Newton. Miaka ya 1970 wanaakiolojia walichimba kwa uangalifu sehemu ya mteremko wenye nyasi, na wakathibitisha kwamba ni makaburi ya watumwa wa shamba hilo. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 570 walizikwa pale, tangu karne ya 17 hadi karne ya 19. Hakuna mawe ya kaburi. Ukisimama pale bila kuambiwa, utaona konde tu.

Katika kaburi mojawapo alilala mwanamume wa umri wa kama miaka 50, aliyezikwa mwishoni mwa karne ya 17 au mwanzoni mwa karne ya 18. Alikuwa na bangili za metali, kiko cha udongo cha mtindo wa Ghana ya leo, na mkufu. Mkufu ule ulitungwa kwa shanga za kioo, meno ya mbwa, mifupa ya samaki, kauri, na akiki moja nyekundu. Wataalamu wanaamini alikuwa mganga, mtu aliyeheshimiwa na wenzake. Sasa zitazame kauri na akiki. Kauri ni za Bahari ya Hindi, bahari hii tunayoogelea sisi. Kauri za Maldivi zilisafirishwa kwa meli hadi Ulaya, kisha Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha, na zilinunua hata watu. Akiki inaaminika ilichongwa India, na waliozoea pete za akiki Lamu na Muscat wanajua jiwe hilo linavyothaminiwa.

Mtu ambaye daftari la bwana wake lilimhesabu kama chombo alizikwa na vitu vya mabara matatu. Waliomzika walikuwa watu waliochoka, wenye njaa, wasio na ruhusa ya kumiliki kitu, na bado hawakuvichukua vitu hivyo. Walimwachia mzee wao heshima yake. Kaburi lile limenifunza juu ya utumwa mambo ambayo jedwali la idadi ya meli haliwezi kunifunza.

Waliojenga upya, na waliojenga juu ya jeraha

Guadeloupe ilichagua njia tofauti. Pale Pointe-à-Pitre, mahali palipokuwa na kiwanda cha sukari cha Darboussier, kulifunguliwa mwaka 2015 jengo kubwa liitwalo Mémorial ACTe. Kuta zake ni nyeusi, na juu yake kumezungushwa wavu wa chuma kinachong'aa kama fedha, mfano wa mizizi ya mti unaoota juu ya magofu na kuyashika yasianguke. Aliyetembelea Gede, karibu na Malindi, ameiona mizizi ya namna hiyo. Ndani, habari inasimuliwa kwa sauti, filamu na kazi za wasanii wa leo pamoja na vitu vya kale, kwa sababu ileile: vitu pekee havitoshi. Gharama yake, zaidi ya euro milioni 80, ilizua ubishi mkali katika kisiwa chenye vijana wengi wasio na kazi. Nawaelewa waliolalamika. Hata hivyo, naona vema kwamba penye kiwanda kilichotajirisha wachache leo mtoto wa shule anasikia jina la Louis Delgrès, aliyekufa mwaka 1802 akipinga jeshi la Napoleon lililokuja kurudisha utumwa.

Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ilifanya jambo dogo lenye uzito. Jengo la Vendue House lilikuwa soko la mnada, na waliouzwa humo ni pamoja na watu. Leo ni Pompey Museum. Pompey alikuwa mtumwa wa kisiwa cha Exuma aliyewaongoza wenzake mwaka 1830 kukataa kuhamishwa kwenda kisiwa kingine. Jengo liliungua mwaka 2011, likajengwa tena. Soko la watu kupewa jina la mtumwa aliyekataa ni sawa na kile tunachokiona Mkunazini: mahali pa aibu pamebaki palepale, ila mwenye kusema amebadilika.

Curaçao nayo ina nyumba ya bwana shamba, Kenepa, ambayo sasa ni makumbusho ya Tula. Tarehe 17 Agosti 1795 Tula aliongoza maasi yaliyoanzia shamba hilo. Hoja yake ilikuwa ya kisheria kabisa: Ufaransa imewapa uhuru watu wake weusi, Uholanzi sasa imetekwa na Ufaransa, basi na sisi tu huru. Waholanzi walimuua kikatili mwaka huohuo. Serikali yao ilimsafisha jina rasmi mwaka 2023. Hadithi ya kwamba utumwa ulikoma kwa huruma ya Wazungu pekee inakufa ukiyatembelea makumbusho kama haya.

Haiti, ambayo haikungoja

Sasa turudi Haiti. Wakati huo iliitwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililozalisha sukari nyingi kuliko mengine, likiwa na watumwa takriban nusu milioni. Agosti 1791 watu hao waliasi. Baada ya vita vya zaidi ya miaka 12, tarehe 1 Januari 1804, walitangaza nchi huru, ya kwanza duniani kuanzishwa na watu waliovunja minyororo yao wenyewe. Uingereza ilikuwa bado haijapiga marufuku hata biashara ya watumwa.

Makumbusho ya taifa, MUPANAH, yalifunguliwa mwaka 1983 katikati ya Port-au-Prince, karibu na kiwanja cha ikulu. Sehemu kubwa iko chini ya ardhi, na ndiyo pia kumbukumbu ya waasisi wa taifa: Toussaint Louverture, Dessalines, Christophe na Pétion. Toussaint mwenyewe alifia gerezani Ufaransa mwaka 1803, hakuuona uhuru. Vitu viwili humo vinatosha kusimulia karne tatu: nanga inayosemekana kuwa ya Santa María, meli ya Columbus iliyokwama pwani ya kaskazini mwaka 1492, na bastola inayoelezwa kuwa ndiyo Mfalme Christophe alijiulia mwaka 1820. Nanga ya aliyekuja kutawala, na silaha ya mfalme mweusi aliyeogopa kupinduliwa na watu wake.

Watu husema Haiti ni maskini kwa sababu ya laana au uchawi. Nimelisikia hili hata kutoka kwa watu wenye elimu, nami naomba tuliache. Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka meli za kivita ikadai faranga milioni 150, ili wenye mashamba wafidiwe hasara ya kupoteza ardhi na watumwa. Ni kama mtu aliyetekwa nyara akatoroka, kisha akadaiwa kumlipa mtekaji kwa kutoroka. Deni lilipunguzwa kufikia milioni 90 mwaka 1838, lakini Haiti ililazimika kukopa ili kulilipa, na mikopo iliyotokana nalo ilimalizika mwaka 1947. Watawala wabaya na mitetemeko ya ardhi vina sehemu yao. Ila taifa lililoanza maisha likiwa limebeba mzigo huo lisingeweza kutembea wima.

Kwa sasa simshauri mtu aende Port-au-Prince kutalii, kwa kuwa magenge yameshika sehemu kubwa ya jiji. Kwa atakayebahatika kufika kaskazini siku hali ikiruhusu, ngome ya Citadelle, iliyojengwa juu ya mlima baada ya uhuru ili Wafaransa wasirudi, inaeleza kwa mawe yale ambayo maneno yangu hayafikii.

Waliosemwa wamekwisha, na waliosahauliwa

Je, wenyeji wote walikufa? Hapana. Upande wa mashariki wa Dominica kuna eneo la Wakalinago, lililotengwa mwaka 1903, linalokaliwa na watu wapatao 3,000. Kijiji cha maonesho kiitwacho Kalinago Barana Autê kinamwonesha mgeni ususi wa vikapu, uchongaji wa mitumbwi na uokaji wa mkate wa muhogo. Wanaokuonesha hawaigizi mababu waliotoweka. Ni maarifa yao wenyewe. Mwaka 2023 nchi hiyo ilimpata rais wake wa kwanza Mkalinago, Sylvanie Burton. Huko Puerto Rico, viwanja vya sherehe na michezo vya Wataino vya Caguana na Tibes bado vina mawe yake yaliyosimamishwa, mengine ya Caguana yakiwa na nyuso zilizochongwa.

Na je, watu wa Karibi wote asili yao ni Afrika? Nenda Waterloo, magharibi mwa Trinidad. Indian Caribbean Museum, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilikusanya sufuria, majembe, ngoma na nguo za Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi baada ya utumwa kukoma. Meli ya kwanza, Fatel Razack, ilitia nanga tarehe 30 Mei 1845, na hadi 1917 walikuwa wamefika zaidi ya 140,000. Ni utaratibu uleule wa mikataba ambao Waingereza waliutumia kuwaleta Mombasa Wahindi wapatao 32,000 kujenga reli ya Uganda tangu 1896. Wetu wengi walirudi kwao. Wa Trinidad wengi walibaki.

Karibu na makumbusho hayo kuna hekalu lililojengwa ndani ya bahari. Kibarua mmoja, Sewdass Sadhu, alijenga hekalu kwenye ardhi ya kampuni ya sukari. Likabomolewa, naye akafungwa siku 14. Alipotoka alisema bahari haina mwenyewe, akaanza kubeba mawe kwa baiskeli na kuyamwaga majini, kwa miaka mingi, mpaka pakapatikana pa kusimamisha hekalu. Ukifika Waterloo, tembea hadi pale kabla jua halijazama.

Vilivyo mbali na nyumbani

Mtanzania anaujua uchungu wa kusafiri hadi Berlin ili kumwona dinosaria wa Tendaguru aliyechimbuliwa Lindi. Wajamaika nao wana wao. Mwaka 1792 sanamu tatu za mbao za Wataino zilipatikana ndani ya pango katika milima ya kisiwa hicho. Ziko British Museum, London, na Jamaika ilidai hadharani mwaka 2019 zirudishwe. Jambo moja dogo limefanikiwa: Aprili 2024 Chuo Kikuu cha Glasgow kilirudisha mjusi aliyehifadhiwa tangu karne ya 19, wa aina inayoaminika kutoweka kabisa. Yuko Kingston sasa, chini ya Institute of Jamaica. Kuna walioona ni mjusi tu. Lakini watoto wa Kingston wanaweza kumwona mnyama ambaye babu zao walimjua, bila kuomba viza.

Ukiwa Kingston, usiishie 56 Hope Road, nyumbani kwa Bob Marley, ingawa nenda, ukayaone matundu ya risasi za Desemba 1976. Pitia pia Liberty Hall, barabara ya King, ambako Marcus Garvey, mpigania haki za watu weusi, alifanyia kazi miaka ya 1920, kisha panda milima ya Portland hadi Charles Town. Huko kuna makumbusho ya Wamaruni, watumwa waliotoroka wakajenga vijiji vyao msituni na kuwashinda Waingereza hadi wakaomba mkataba. Mkataba wa 1739 uliwapa ardhi na kujitawala, na pia uliwataka wawarudishe watumwa wengine watakaotoroka. Wamaruni wenyewe hawalifichi hilo, na ni jambo la kuwaheshimu.

Kwa anayepanga safari: mengi ya makumbusho haya ni madogo, hufungwa siku za sikukuu na baada ya tufani, kwa hiyo piga simu kwanza. Safari nyingi kutoka kwetu hupitia Ulaya au Marekani, na viza ya kupita ndiyo hukwamisha watu kuliko ya kisiwa chenyewe. Visiwa vingi vilivyokuwa vya Uingereza huadhimisha ukombozi tarehe 1 Agosti, na Curaçao humkumbuka Tula tarehe 17.

Ila kama una nafasi ya kwenda mara moja tu, chagua tarehe 6 Januari, uende Accompong, kijiji cha Wamaruni magharibi mwa Jamaika. Wana pembe ya ng'ombe iitwayo abeng, ambayo zamani ilipeleka habari za jeshi la adui kutoka mlima hadi mlima. Siwa za Lamu, zile pembe za sherehe, tumezihifadhi, na tumefanya vema. Abeng ya Accompong asubuhi hiyo inapulizwa, na watu wanatoka majumbani kuifuata hadi chini ya mwembe wao mkubwa.